Kuwaenzi Wahitimu Waaminifu: Kumbukumbu za Vijana wa Kiungani katika Mwambao wa Ziwa Nyasa, 1864–1928

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wahitimu wa shule ya bweni ya Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, walivyoenziwa kwa kazi waliyoifanya katika nchi za Ziwa Nyasa, ukiwamo mwambao ambao leo umo katika Mkoa wa Ruvuma. Kiungani ilikuwa mali ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA. Makala inabainisha njia nne za kuenzi: daraja takatifu, kaburi, kalenda ya Kanisa pamoja na majina ya vyuo, na maandishi ya wahitimu wenyewe. Hoja kuu ni kwamba njia hizo hazikumfikia kila aliyestahili. Waliobaki katika kumbukumbu ni wale waliopanda daraja, waliofia ugenini au walioshika kalamu. Mwalimu wa kijiji na mkewe, ambao misheni nzima iliwategemea, waliachwa nje. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba shule za bweni za sasa zipime upya maana ya mhitimu anayestahili heshima.

1.0 Utangulizi

Anayehudhuria mahafali ya shule za bweni za binafsi katika nchi yetu hakosi kusikia neno "kuenzi". Mgeni rasmi hutambulishwa kwa cheo chake, wahitimu wa zamani waliofanikiwa huombwa wasimame, na wanafunzi huaswa wafuate nyayo zao. Mara nyingi anayesimamishwa ni mbunge, mkurugenzi, daktari bingwa au askofu. Ni nadra kusimamishwa mtu aliyerudi kijijini kwao akafundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini. Desturi hiyo ina mizizi yake. Makala hii inaifuata mizizi hiyo hadi katika shule ya bweni ambayo, ingawa ilijengwa mbali kandokando ya mji wa Unguja, ilitoa baadhi ya walimu na makasisi wa kwanza wa Kiafrika kufanya kazi katika nchi za Ziwa Nyasa.

Eneo linaloshughulikiwa linahitaji kuelezwa kwanza. Mwambao wa Ruvuma ni ule upande wa mashariki ya ziwa wenye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, makao ya Wanyasa, Wamanda na Wampoto, huku Wamatengo wakikaa katika milima ya Mbinga iliyo nyuma yake. Kabla ya Wilaya ya Nyasa kuanzishwa mwaka 2012, mwambao huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Katika kipindi kinachochunguzwa, ziwa liligawanywa na mipaka ya wakoloni watatu. Wajerumani walishika mwambao wa kaskazini-mashariki, Wareno walishika sehemu iliyo kusini yake, na Waingereza walishika upande wa magharibi pamoja na kisiwa cha Likoma, ambacho kiko karibu zaidi na pwani ya Msumbiji. Makao makuu ya UMCA yalikuwa Likoma tangu mwaka 1885. Hivyo basi, mwalimu aliyetumwa kutoka Likoma kwenda Liuli alikuwa akivuka mpaka wa dola, ingawa kwake yeye na kwa watu aliowafundisha ziwa lilikuwa moja.

Dhana mbili zinahitaji ufafanuzi. Neno "mhitimu" linatumika hapa kwa mapana, yaani kila aliyelelewa na kufundishwa Kiungani kisha akatumwa kazini, kwa kuwa shule yenyewe ilibadilika mara kadhaa kati ya kuwa shule ya watoto, chuo cha walimu na chuo cha theolojia. Neno "kuenzi" linachukuliwa kuwa tendo la jamii la kumweka mtu katika kumbukumbu ya kudumu. Tendo hilo hufanywa na wenye mamlaka ya kuchagua, na kila chaguo huacha watu wengine nje.

2.0 Kiungani na Watoto Wasio na Kwao

UMCA ilizaliwa kutokana na mwito wa David Livingstone aliotoa Cambridge mwezi Desemba 1857. Msafara wa kwanza, ulioongozwa na Askofu Charles Mackenzie, ulikwenda bonde la mto Shire, na askofu huyo akafariki huko Januari 1862. Mrithi wake, Askofu William Tozer, aliona kwamba bara haliingiliki kwa wakati ule, akahamishia misheni Unguja mwaka 1864. Huko Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano walionaswa kutoka katika jahazi la watumwa. Watoto hao watano ndio waliokuwa mbegu ya shule iliyokuja kuitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani.

Mwanzo huu unapaswa kukumbukwa wakati wote tunapozungumzia uaminifu wa wahitimu. Shule ya bweni ya kawaida humpokea mtoto kutoka kwa wazazi wake na humrudisha kwao wakati wa likizo. Wanafunzi wa mwanzo wa Kiungani hawakuwa na pa kurudi. Walitekwa bara, wakauzwa, wakanaswa na manowari za Waingereza au askari wa Sultani, kisha wakakabidhiwa kwa wageni. Mwaka 1887 Arthur Cornwallis Madan, aliyefundisha huko, alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, chenye simulizi zilizoandikwa na wavulana wenyewe kuhusu kutekwa kwao na safari zao hadi pwani. Kitabu hicho ni hazina kwa mwanahistoria. Hata hivyo, ndani yake watoto wanatambulishwa zaidi kwa makabila yao kuliko kwa majina yao. Maisha yao yalihifadhiwa, ila wenye maisha hayo hawakujulikana.

Mbweni, kusini ya mji, palikuwa na shule ya wasichana iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Ilikuwa desturi kwa walimu waliotoka Kiungani kuoa wasichana waliosoma Mbweni. Kituo cha bara kilipofunguliwa, kwa kawaida kilifunguliwa na watu wawili waliosoma, yaani mume na mke, si mwalimu peke yake. Jambo hili litarejewa baadaye, kwa sababu ndipo pengo kubwa la kumbukumbu lilipo.

3.0 Njia Nne za Kuenzi

3.1 Daraja Takatifu

Heshima ya kwanza ambayo shule na misheni ziliweza kumpa mhitimu ilikuwa daraja takatifu. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyesoma Kiungani na baadaye Canterbury nchini Uingereza, alipewa ushemasi mwaka 1886 na ukasisi mwaka 1890. Alihudumu Chitangali, katika nchi ya Wayao kusini ya Tanzania ya leo. Katika dayosisi ya ziwa, Yohanna Barnaba Abdallah alipata ukasisi mwaka 1898, na Leonard Mattiya Kamungu mwaka 1909.

Tarehe hizi zinasomeka vizuri, lakini zinapopangwa pamoja zinaonesha pia kasi ya taasisi. Kutoka kwa wavulana watano hadi kasisi wa kwanza ilipita miaka 26. Kutoka kwa ukasisi wa Majaliwa hadi John Sepeku kuwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi mwaka 1963 ilipita miaka 73. Daraja lilikuwa heshima ya kweli, na walioipokea waliithamini. Lakini lilikuwa pia lango lililofunguliwa kidogo kidogo, na funguo zake zilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa wahitimu wa shule hiyo. Kwa hiyo, orodha ya waliopewa daraja haiwezi kuchukuliwa kuwa orodha ya wote waliostahili.

3.2 Kaburi

Njia ya pili ni kaburi. Katika mwambao wa Ruvuma kaburi linalojulikana kuliko yote katika historia ya Anglikana ni la William Percival Johnson, lililopo Liuli. Johnson alizaliwa mwaka 1854, akaja Unguja mwaka 1876, akafika ziwani miaka michache baadaye, na akakaa huko hadi alipofariki Liuli mwezi Oktoba 1928. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka arobaini akiwa na uoni hafifu sana, na ndiye aliyeongoza tafsiri ya Biblia katika Kinyanja. Waumini humkumbuka kama mtu mtakatifu, na kaburi lake ni mahali pa hija.

Makala hii haina nia ya kupunguza heshima hiyo. Johnson aliishi kwa ufukara, alilala katika nyumba za wenyeji na alikula chakula chao. Kinachohojiwa ni upweke wa kaburi hilo katika masimulizi. Johnson hakufika kijiji kimoja peke yake akakihubiria peke yake. Alikwenda na walimu, aliwaacha vijijini, kisha akapita tena kwa meli kuwatembelea. Meli ya Charles Janson iliyoanza kazi mwaka 1885, na baadaye Chauncy Maples iliyoshushwa majini mwaka 1901 ikiwa imekusudiwa pia kuwa shule inayoelea ya kufundishia walimu, zilikuwa na maana kwa sababu tu kila ziliposimama palikuwa na mtu ufukweni aliyeishika kazi. Meli ilikaa saau chache au siku chache. Mwalimu alikaa mwaka mzima.

3.3 Kalenda na Majina ya Vyuo

Njia ya tatu ni kumwingiza mhitimu katika kalenda ya Kanisa au kukipa chuo jina lake. Mfano bora ni Leonard Kamungu. Alizaliwa Chia, upande wa mashariki ya ziwa unaokabili Likoma. Alisoma Likoma, kisha akapelekwa Kiungani. Baada ya kupata ushemasi mwaka 1902 na ukasisi mwaka 1909, alijitolea kwenda Msoro, mashariki ya Zambia ya leo, akaanza kazi huko mwaka 1911. Alifariki tarehe 27 Februari 1913. Tarehe hiyo huadhimishwa na Waanglikana wa Afrika ya Kati, na chuo cha theolojia cha Zomba nchini Malawi kinaitwa kwa jina lake.

Kesi ya Kamungu inaonesha kwamba heshima ya aina hii ilimfuata mhitimu aliyeondoka kwao na kufia ugenini. Inaonesha pia jinsi mipaka ya kikoloni ilivyogawa kumbukumbu. Kamungu alizaliwa katika eneo la Wareno, akalelewa katika kisiwa cha Waingereza, akasomea chini ya Sultani wa Unguja na kufia Rhodesia ya Kaskazini. Malawi na Zambia zinamdai. Katika mwambao wa Ruvuma, ulio jirani kabisa na alikozaliwa, jina lake halisikiki sana, kwa kuwa mwaka 1952 mwambao huo ulitengwa na Dayosisi ya Nyasaland na kuwa sehemu ya Dayosisi mpya ya Kusini-Magharibi ya Tanganyika. Kutengwa huko kulikuwa na sababu za kiutawala, lakini kuligawa pia urithi wa kumbukumbu: mababu wa imani wakawa wa nchi nyingine.

3.4 Maandishi ya Wahitimu Wenyewe

Njia ya nne ndiyo yenye uzito mkubwa katika makala hii, kwa sababu ni pekee ambayo mhitimu aliishika kwa mkono wake. Yohanna Abdallah alikwenda Unangu, katika nyanda za juu za Wayao mashariki ya ziwa, pamoja na Dokta John Edward Hine mwaka 1893. Hine alipofanywa askofu wa Likoma mwaka 1896, kazi ya Unangu ilizidi kuwa mikononi mwa Abdallah, naye akaishi huko hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1924. Aliandika kwa Kiyao kitabu Chiikala cha Wayao, kilichochapishwa Zomba mwaka 1919 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Meredith Sanderson. Kitabu hicho hakihusu maisha ya mwandishi. Kinahusu asili ya Wayao, machifu wao, desturi zao na safari zao za biashara hadi pwani.

Uamuzi huo una maana. Kwa mujibu wa desturi ya misheni, Abdallah alikuwa mtu wa kuandikwa: mfano wa mwanafunzi aliyefanikiwa, wa kutajwa katika majarida yaliyosomwa na wafadhili Uingereza. Yeye alichagua kuwa mwandishi, na alichokienzi si shule yake bali watu wake. Wala hapana sababu ya kuona mgongano hapo. Elimu ya Kiungani ilimpa kalamu, naye akaitumia kwa jambo ambalo shule haikumtuma.

Augustine Ambali naye aliokolewa katika utumwa, akasoma Kiungani na kufanya kazi ziwani tangu miaka ya 1880, hatimaye akawa kasisi. Kumbukumbu zake zilichapishwa na UMCA kwa Kiingereza zikiitwa Thirty Years in Nyasaland. Tofauti na Abdallah, Ambali alisimulia safari yake mwenyewe na kazi ya misheni. Kwa kuwaweka wawili hawa bega kwa bega, tunaona kwamba mhitimu wa Kiungani hakuwa wa aina moja. Mmoja alieleza alikotoka watu wake, na mwingine alieleza alikofika yeye. Vitabu vyote viwili vimewapa uhai ambao daraja peke yake lisingeutoa.

4.0 Mafanikio na Uaminifu: Vipimo Viwili

Kutokana na mifano iliyotolewa, vipimo viwili vya kumheshimu mhitimu vinajitokeza. Cha kwanza ni mafanikio, yaani mtu amepanda hadi wapi. Cha pili ni uaminifu, yaani mtu amebaki na nini au na nani. Kiungani ilizalisha watu wa vipimo vyote viwili. Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891, alisoma na kufundisha Kiungani, akawa karani mwandamizi wa serikali, akashiriki kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, na mwaka 1931 akaenda London kutoa ushahidi kuhusu mpango wa kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Wasifu wake ulichapishwa mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Kwa kipimo cha mafanikio, Kayamba anasimama mbele. Kwa kipimo cha uaminifu kama misheni ilivyouelewa, walisimama mbele walioacha pwani wakaenda bara.

Hapa ndipo tatizo gumu linapotokea. Je, uaminifu wa mtoto aliyekombolewa utumwani ulikuwa wa hiari? Mtu asiye na ukoo, asiye na shamba na asiye na lugha ya nyumbani aliyoihifadhi vizuri, akiambiwa na waliomlea aende Nyasa, angeweza kukataa kwa kiasi gani? Wako wanaoweza kujibu kwamba swali hili linaondoa sifa yote. Makala hii haikubaliani nao. Baadhi ya wahitimu waliacha kazi ya misheni wakatafuta ajira serikalini au katika biashara, na hilo linathibitisha kwamba mlango wa kutokea ulikuwapo. Aliyebaki alikuwa ameona wenzake wakiondoka. Lakini swali lenyewe linatuzuia kuusifu uaminifu kana kwamba ulikuwa zawadi ya shule kwa mwanafunzi. Ulikuwa zawadi ya mwanafunzi, tena iliyotolewa na mtu aliyekuwa na vichache vya kutoa.

Uzito wa zawadi hiyo ulionekana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann hapohapo Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kutokana na umbo la mwamba wake. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wamisionari wa Kiingereza waliwekwa kizuizini, na kazi ya makanisa na shule ikaangukia mabegani mwa makasisi na walimu wa Kiafrika, ambao baadhi yao waliteswa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Kanisa lililokutwa vita vilipokwisha lilikuwa limeshikwa na wao.

5.0 Walioachwa Nje

Pamoja na hayo yote, walimu wengi wa vijiji hawamo katika daraja, kaburi la hija, kalenda wala kitabu. Katika masimulizi ya wamisionari hutajwa kwa sehemu kubwa kwa jina moja la ubatizo, au huitwa tu "mwalimu wetu". Wake zao hutajwa kwa uchache zaidi, ingawa waliosoma Mbweni walijua kusoma, kuandika na kushona, nao walifundisha wanawake na watoto wa vijiji walikokwenda.

Sababu za pengo hilo ni tatu. Kwanza, kumbukumbu ziliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza, waliotaka kusikia habari za watu wao. Pili, ziliandikwa kwa Kiingereza, Kinyanja na Kiyao, wakati watoto wa mwambao wa Ruvuma wa leo wanasoma kwa Kiswahili. Tatu, shule yenyewe haikudumu mahali pake. Katika miaka ya 1920 kazi ya Kiungani ilihamishiwa Minaki, na baada ya Uhuru serikali ilitaifisha shule za madhehebu, Minaki ikiwa miongoni mwake. Utaifishaji ulipanua nafasi za elimu kwa watoto wa dini zote, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, shule ikibadilika mmiliki, mara nyingi hakuna tena anayeona ni wajibu wake kutunza orodha ya majina ya zamani.

Mwandishi wa makala hii ana deni katika jambo hili. Babu yake alifundishwa kusoma katika shule ya kanisa ya kijiji kando ya ziwa. Hadi uzeeni alimtaja aliyemfundisha kwa neno moja tu: Mwalimu. Alipoulizwa jina lake, alishangaa swali lenyewe, kwani kijijini kulikuwa na Mwalimu mmoja. Mshangao huo unaweza kusomwa kama usahaulifu. Unaweza pia kusomwa kama heshima ya juu kabisa, ya mtu ambaye kazi yake imechukua nafasi ya jina lake. Lakini heshima ya namna hiyo huisha anapofariki wa mwisho aliyemjua.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba kuwaenzi wahitimu wa Kiungani kulifanywa kwa njia nne, na kwamba kila njia ilikuwa na kichujio chake. Daraja lilichujwa na taasisi, kaburi lilichujwa na masimulizi ya wageni, kalenda ilichujwa na mipaka ya nchi, na maandishi yalichujwa na uwezo wa kupata mchapishaji. Aliyepita katika vichujio hivyo tunamjua. Asiyepita hatumjui, wala kutomjua kwetu si ushahidi kwamba hakustahili.

Kutokana na matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, shule za bweni za binafsi na seminari zilizopo Mbinga na Nyasa zitunze daftari la wahitimu wote, si la waliofanikiwa tu, na daftari hilo lioneshe mtu alifanya kazi gani na wapi. Pili, Kanisa na vyuo vikuu vishirikiane kutafsiri kwa Kiswahili maandishi ya Abdallah na Ambali, ili wajukuu wa wale waliofundishwa wayasome kwa lugha yao. Tatu, masimulizi ya wazee wa mwambao kuhusu walimu wao yakusanywe sasa, pamoja na majina ya wake za walimu hao, kabla hayajazikwa na wenyewe.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Shule inaweza kuhesabu wahitimu wake waliofika mbali, nayo ina haki ya kujivunia. Lakini hesabu hiyo haitakamilika mpaka imrudie yule aliyebaki ufukweni meli ilipokwisha kuondoka, akawaita watoto darasani.